Wasomaji Wanauliza: Akina Sykes ni watu wa wapi?

Barua za majina ya ukoo ni nyingi. Mwezi huu tumekusanya zile zinazohusu jina moja, Sykes. Ni jina la Kiingereza ambalo msomaji wa Afrika Mashariki amekutana nalo katika historia ya kwao, na njia ya kulifuatilia inafaa pia kwa majina mengine ya kaskazini mwa Uingereza.

Ndugu mhariri, tunasoma habari za Abdulwahid na Ally Sykes katika historia ya TANU. Jina lao ni la Kiingereza. Je, wana damu ya Waingereza, au walipewa jina la mkoloni fulani? (Msomaji, Kariakoo)

Usianze na mkoloni Mwingereza. Kwa historia ya familia hiyo iliyokwisha kuchapishwa, asili yao ni Msumbiji. Sykes Mbuwane alikuja pwani yetu na jeshi la Hermann von Wissmann, lililoundwa 1889 kupambana na Abushiri. Tazama mpangilio wa jina lake: Sykes ndilo lake mwenyewe, Mbuwane ndilo la nyuma. Mwanawe alizaliwa 1894, wakati wa Wajerumani, akaitwa Kleist. Akawa Kleist Sykes, vilevile kama mtoto wa Juma anavyoitwa Ali Juma. Kleist ndiye aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929, na wanawe Abdulwahid na Ally wakawa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954. Kufikia hapo jina la babu lilikwisha kuwa jina la ukoo.

Kwa hiyo jina limefanana na la Yorkshire lakini limeingia kwa mlango mwingine kabisa. Huwezi kuwafuatilia akina Sykes wa Dar es Salaam kwa vitabu vya kanisa vya Huddersfield, utapoteza muda. Njia yao inapita kwa wazee, kisha Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, ambako yapo mafaili ya utawala wa Kijerumani, na mafaili ya wizara ya makoloni yaliyo Berlin. Ila msitegemee kupata orodha kamili ya askari: kumbukumbu nyingi za jeshi la kikoloni la Kijerumani ziliteketea Potsdam kwa mabomu, Aprili 1945.

Basi huko Uingereza jina lenyewe lilianzaje? Nimesoma mahali kwamba ni la Kinorwe, na mahali pengine kwamba ni la Kiingereza. (Msomaji, Mombasa)

Wote wawili wana haki. Kaskazini mwa Uingereza syke ni kijito chembamba au mtaro wa asili unaopita kwenye ardhi ya majimaji, na mara nyingi ndio unaotenga shamba la huyu na la yule. Neno hilo lilikuwamo katika Kiingereza cha kale, na ndugu yake lilikuwamo katika lugha ya Wanorsi, watu wa Skandinavia waliolowea Yorkshire kuanzia karne ya 9. Kusini lilififia, kaskazini likadumu. Mtu aliyekaa kando ya kijito cha namna hiyo makarani wa zamani walimwandika del Sike, yaani wa mtaroni. Baadaye del ikaanguka, s ikajishikiza mwishoni, na y ikaishinda i. Hata hivyo Sikes, Syke na Sike bado zipo, na katika vitabu vya zamani mtu mmoja anaweza kuandikwa kwa namna tatu na karani yuleyule.

Kitovu cha jina ni West Riding, yaani upande wa magharibi wa kaunti ya Yorkshire, hasa mabonde yanayoizunguka Huddersfield: Slaithwaite (wenyeji husema Slawit), Golcar, Meltham, Holmfirth, na ng'ambo ya mlima, Saddleworth. Ardhi ya huko ni ya baridi na mvua, haina ngano ya kutajirisha mtu. Watu waliishi kwa ng'ombe wachache na mtambo wa kufumia sufu ndani ya nyumba. Ufumaji huo uliwawezesha watoto wa kiume kuoa na kubaki palepale hata shamba likiwa dogo, ndipo akina Sykes wakazaana bonde hilohilo kwa mamia ya miaka. Viwanda vilipokuja ndipo wengi waliposhuka kwenda Leeds, Bradford na Oldham.

Hapa kuna jambo ambalo wauza vitabu vya majina hulipita mbiombio. Majina ya kurithi yalianza kwa wakubwa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, lakini kwa watu wa kawaida wa kaskazini hayakutulia mpaka kama 1450. Mwaka 1379 Mfalme alitoza kodi ya kichwa kwa kila aliyezidi miaka 16 isipokuwa ombaomba, na kima cha chini kilikuwa peni 4 kwa mume na mke kwa pamoja. Orodha za West Riding zimesalia vizuri, na watafiti huzipenda mno. Lakini ukimkuta del Sike katika kijiji kimoja na mwingine katika kijiji cha mbali, usiwafanye ndugu. Mitaro ilikuwa mingi.

Mke wangu ni Mwingereza, na babu ya mama yake alikuwa Sykes wa Huddersfield. Tunataka kuwaandikia watoto upande wa mama yao kama tulivyoandika wa kwangu. Tuanzie wapi? Tukitafuta kwenye intaneti tunapata akina John Sykes mia. (Msomaji, Coventry)

Anzeni na mtu wa karibu zaidi ambaye karatasi zake mnazo mkononi, mrudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Anayeanzia juu, kwa Sykes wa mwaka 1500, na kushuka akitafuta kuungana na mkewe, huungana na yeyote amtakaye.

Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo katika England na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837. Ya kwanza kutafuta ni cheti cha ndoa, kwa sababu kinataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi pamoja na kazi zao. Cheti cha kuzaliwa kinataja jina la mama la kabla ya kuolewa, nalo ndilo litakalowaokoa na wale John mia. Cheti cha kifo ndicho dhaifu kuliko vyote: kabla ya Aprili 1969 hakisemi marehemu alizaliwa wapi wala tarehe gani, umri tu, na huo umekisiwa na aliyekuja kutoa taarifa.

Msitumie faharasa ya zamani pekee. Ile imeanza kuonyesha jina la mama mwaka 1911 tu, katika robo ya Septemba (Julai hadi Septemba). Ofisi Kuu ya Usajili ina faharasa yake mpya mtandaoni, ambayo inaonyesha jina la mama tangu 1837. Ingieni humo, andikeni Sykes, wilaya ya Huddersfield, na jina la mama. Rudieni kwa kila mtoto wa ndoa ileile, na familia nzima itajipanga. Pale penye jina la mama pakiwa na kistari tu, aghalabu mtoto alizaliwa nje ya ndoa na Sykes ni jina la mama yake. Hapo ukoo wa kiume wa Sykes umekatika, nanyi mnafuata upande wa mama bila kujua.

Mambo matatu huwapotosha wengi katika hatua hii. Faharasa imepangwa kwa robo ya mwaka ya kusajiliwa, si ya kuzaliwa. Wazazi walikuwa na siku 42, kwa hiyo mtoto wa mwisho wa Februari anaweza kuwa katika robo ya Juni. La pili, kabla ya 1875 sheria haikuwabana wazazi sawasawa, na kuna watoto ambao hawakusajiliwa kabisa. Hao watafuteni katika ubatizo. La tatu ni mwandiko. S kubwa ya karne ya 19 inafanana na L, na waliohamishia majina kwenye kompyuta wameandika Lykes, Sykas na Sukes. Mitambo mingi ya kutafuta inakubali alama ya kuuliza badala ya herufi moja, basi jaribuni S?kes, na ikishindikana tafuteni kwa majina ya kwanza, umri na kijiji tu, bila ukoo.

Sambamba na vyeti fanyeni sensa, ambayo ilihesabiwa kila miaka 10. Zilizo wazi na zenye majina zinaanza 1841 hadi 1921. Ya 1841 isomeni kwa hadhari: umri wa waliozidi miaka 15 ulitakiwa ushushwe hadi tano ya chini, hivyo mtu wa miaka 39 ameandikwa 35. Haitaji uhusiano wa waliomo nyumbani, na kuhusu mahali pa kuzaliwa inasema tu kama ni ndani ya kaunti au la. Ya 1851 ndiyo inayotaja parokia, na kwa jina kama Sykes hapo ndipo kazi inapoanza kuwa rahisi. Ya 1911 ina hazina ya pekee: mwanamke aliye katika ndoa aliulizwa amezaa watoto wangapi na wangapi wamekufa, kwa hiyo mtaona kama kuna mtoto mliyemkosa. Ya 1931 iliungua moto 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Pengo hilo linazibwa kwa kiasi na daftari la wananchi la tarehe 29 Septemba 1939.

Na muwe na karatasi moja ya wale mliowakataa. Mkipata akina John Sykes watano wa rika moja, fuateni kila mmoja mpaka ndoa au kaburi. Mtoto aliyezikwa ana miaka 2 hawezi kuwa babu yenu, lakini amewekwa katika miti ya ukoo mingi sana mtandaoni kwa sababu mtu aliona ubatizo akaridhika. Ndiyo sababu hatumshauri mtu anakili mti wa mwenzake.

Nimefika 1837 na cheti kinasema baba alikuwa Joseph Sykes, mfumaji. Kabla ya hapo nifanyeje? (Msomaji, Nairobi)

Kabla ya hapo ni vitabu vya kanisa. Viliamriwa mwaka 1538, ingawa parokia nyingi hazina vya mwanzo kabisa. Kwa Huddersfield na mabonde yake utahitaji parokia kubwa za Huddersfield, Almondbury, Kirkburton na Kirkheaton, pamoja na makanisa madogo ya milimani yaliyokuwa chini yake, kama Slaithwaite, Meltham na Holmfirth. Mengi ya makanisa hayo madogo yalibatiza na kuzika lakini hayakuruhusiwa kufungisha ndoa, hasa baada ya sheria iliyoanza tarehe 25 Machi 1754. Basi usishangae watoto wote kuwa Slaithwaite na harusi ya wazazi kuwa mbali, kwenye kanisa mama.

Saddleworth imewatoa jasho wengi. Kiserikali ilikuwa Yorkshire, lakini kikanisa ilikuwa chini ya parokia ya Rochdale, Lancashire, na dayosisi ya Chester. Anayesaka wasia wa Sykes wa Saddleworth huko York hatauona. Wa Huddersfield ndio wa York, na wasia hizo za kabla ya Januari 1858 ziko Borthwick Institute, katika Chuo Kikuu cha York. Vitabu vya parokia za West Yorkshire vyenyewe vimehifadhiwa Wakefield, na picha zake nyingi zinapatikana mtandaoni kwa ada.

Kitabu cha kawaida cha miaka ya 1700 kinasema tu "John mwana wa Joseph Sykes wa Lingards", na mama hatajwi. Lakini dayosisi ya York ilipata bahati. Kasisi William Dade alibuni fomu iliyojaa maelezo, na Askofu Mkuu akahimiza itumike kuanzia 1777. Pale ilipofuatwa, ubatizo mmoja unaweza kutaja kazi ya baba, mtoto ni wa ngapi, na hata babu na bibi wa pande zote mbili. Baadhi ya makasisi wa parokia zenye watu wengi waliikataa kwa sababu kazi ilikuwa kubwa mno, kwa hiyo usiitegemee, lakini itafute kwanza. Mwaka 1813 fomu moja ya kuchapwa ikaletwa nchi nzima na maelezo hayo yakapotea.

Kama Joseph wako haonekani Anglikana, huenda alikuwa Mbaptisti au Mkongrigeshino. Bonde la Colne lilijaa watu hao. Rejesta zao zilikusanywa na serikali baada ya 1837 na sasa ziko Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, katika kundi RG 4. Ila Wabaptisti hawabatizi watoto wachanga, kwa hiyo unatafuta orodha ya waliozaliwa, si ya ubatizo.

Tarehe nazo zina mtego. Mpaka 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Ubatizo wa 10 Februari 1731 katika kitabu ni wa 1732 kwa hesabu yetu, nawe uandike 1731/32 ili anayekufuata asidhani mtoto alizaliwa kabla ya harusi.

Sasa shida yenyewe ya Sykes: akina Joseph wanne katika kitongoji kimoja, wote wafumaji. Hata wenyeji walilazimika kuwatenganisha, wakawa wanasema John wa Bill wa Tom, na majina hayo ya mtaani wakati mwingine yameponyoka yakaingia vitabuni. Wewe watenganishe kwa ardhi. Slaithwaite ilikuwa mali ya akina Kaye wa Woodsome, kisha Earl wa Dartmouth. Huddersfield ilikuwa ya akina Ramsden, mpaka mji wenyewe ulipoinunua mwaka 1920. Wenye ardhi hawa waliweka orodha za wapangaji: jina, shamba, eka, kodi. Holmfirth ilikuwa ndani ya milki ya Wakefield, ambayo baraza lake liliandika kila uhamisho wa shamba, na mfululizo wa magombo yake unaanza 1274. Mahali baba alipomkabidhi mwanawe shamba mbele ya baraza, una ushahidi mzito kuliko ubatizo wowote. Ni Kilatini mpaka 1733, lakini maneno yanajirudia, na sehemu yake imetafsiriwa na kuchapishwa.

Kuna mtu aliniambia Sykes wote ni wa babu mmoja, imethibitishwa kwa DNA. Kweli? (Msomaji, Kampala)

Chanzo chake ni utafiti wa Bryan Sykes wa Oxford na Catherine Irven, uliotoka mwaka 2000. Walipima kromosomu ya Y, ambayo hurithiwa na mwana kutoka kwa baba kama jina lenyewe, kwa wanaume 48 wa jina la Sykes. Wanaume 21 walikuwa na mfuatano mmoja. Waliona hiyo ni dalili ya mwanzilishi mmoja, na waliobaki wakaelezwa kwa watoto wa nje ya ndoa, wa kulelewa na mengineyo. Walikisia asilimia 1.3 kwa kila kizazi. Ni kidogo, lakini ikijirudia kwa vizazi zaidi ya 20 inatosha kumega kama robo ya ukoo.

Ulikuwa utafiti wa kufungua njia, ila tusiubebeshe mzigo usio wake. Ulitumia alama 4 tu, yaani sehemu 4 za kromosomu zilizolinganishwa. Leo anayepima kwa ajili ya ukoo hupima 37 au 111. Alama 4 zikifanana, watu wawili wanaweza kuwa wameachana maelfu ya miaka kabla jina halijazaliwa. Na hao ambao hawakufanana, baadhi yao huenda wametokana na mtaro mwingine kabisa. Sisi tunaona ukoo mmoja mkubwa wa Huddersfield unaelekea kuwapo, na "Sykes wote ni ndugu" haijathibitishwa.

Ukitaka kupima, mpimwaji lazima awe mwanaume mwenye jina hilo kwa baba, baba wa baba, bila kukatika. Mke wa ndugu yetu wa Coventry hafai, wala mama yake; atafutwe mjomba wa mama au mtoto wake wa kiume. Unasugua pamba ndani ya shavu, na saa moja kabla yake usile, usinywe, usivute sigara. Kipimo cha kawaida cha DNA nzima kinafaa jinsia zote, lakini nguvu yake inaisha mapema: binamu wa tatu huonekana kwa asilimia kama 90, wa nne kwa nusu tu. Na kabla hujatuma pamba, zungumza na wenye damu hiyo. Matokeo ya kromosomu ya Y yameshawahi kumfahamisha mtu jambo ambalo bibi yake alikufa nalo.

Naweza kununua nembo ya ukoo wa Sykes niitundike sebuleni? (Msomaji, Dubai)

Kununua utanunua, madukani zimejaa. Lakini katika sheria ya Uingereza nembo hupewa mtu na warithi wake, si jina. Inayouzwa kwa kawaida ni ya akina Sykes wa Sledmere, waliopata ubaroneti, cheo cha heshima cha kurithi, mwaka 1783. Ina duara tatu za mistari ya mawimbi, ambazo katika lugha ya nembo huitwa sykes, utani wa jina lao. Mfumaji wa Golcar hakuwa na nembo.

Sir Mark Sykes wa mkataba wa 1916 uliogawa nchi za Waarabu ni wa ukoo huohuo? (Msomaji, Muscat)

Ni wa hao wa Sledmere: baroneti wa sita, aliyezaliwa 1879 na kufa Paris Februari 1919 kwa homa ya mafua iliyoenea dunia nzima. Familia yake ilitajirika kwa biashara Leeds na Hull kabla ya kuwa watu wa mashamba East Riding. Kumwunganisha na Sykes wa Huddersfield kunahitaji karatasi ya kila kizazi, kama kwa mtu mwingine yeyote.

Tuna picha ya mzungu aliyeitwa Sykes, alifanya kazi na babu Tanganyika miaka ya 1930. Atapatikanaje? (Msomaji, Moshi)

Orodha za abiria walioondoka bandari za Uingereza kati ya 1890 na 1960 ziko Kew, kundi BT 27, na zinatafutika mtandaoni kwa jina. Mtafute kwa bandari za Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, kwa sababu wengi waliokwenda Moshi walishukia Mombasa au Tanga. Orodha hizo zinaonyesha umri, kazi na anwani ya mwisho Uingereza. Ukipata anwani unarudi kwenye sensa ya 1921. Waliorejea wako BT 26. Kama alikuwa mtumishi wa serikali, barua za Tanganyika ziko kundi CO 691, na magazeti ya serikali ya wakati huo yalitangaza uteuzi na likizo. Nyuma ya picha tazama mhuri wa studio na mwandiko, na umwulize mzee aliyebaki jina lake la kwanza, hata kama analitamka kwa namna yake. Bila jina la kwanza orodha ya BT 27 itakupa akina Sykes wengi kuliko uwezavyo kuwachuja.